Muziro wa Mwalimu Ildefons

Kama kuna mtu aliyepewa mke mkononi akamtupa kwa ulimi wake mwenyewe, basi ni Mwalimu Ildefons. Na hakuna aliyemlazimisha kufungua kinywa. Kazi ya mposaji nyumbani kwa wakwe wa Kihaya ni kukaa kimya juu ya nyasi mbichi, kutafuna kahawa anayopewa na kumwachia mshenga maneno yote. Hata bubu angeoa siku ile.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, naye Ildefons alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu kufundisha elimu ya viumbe katika sekondari moja mjini Bukoba. Elimu ilimkaa vibaya, kama koti la kuazima. Hakuweza kula samaki bila kukueleza yumo katika kundi gani na jamaa zake ni akina nani. Alipokwenda kwenye kibanja cha mama yake, aliwakosoa wanawake kwa kugawa migomba kwa matumizi, huu wa kupika, huu wa pombe, huu wa kuchoma, akawaambia huo si mgawanyo wa kisayansi. Wakamuuliza mgawanyo wa kisayansi unapikwaje. Yeye hakucheka.

Moyoni, hata hivyo, alikuwa na jambo moja la kweli: alimpenda Clotilda, mwalimu wa shule ya msingi huko Ijumbi, wilayani Muleba. Alimpenda mpaka usingizi ukampaa. Clotilda naye alimpenda, akaivumilia mihadhara yake, na alikuwa amekwisha kumwambia baba yake kwamba hataki mwanamume mwingine. Kilichobaki ni desturi tu.

Baba huyo, Mzee Protase, hakuwa mtu wa kusifiwa sana. Alikuwa katekista na pia mwenyekiti wa tawi la chama, akiongoza sala asubuhi na mkutano jioni kwa sauti ileile ya kuamrisha. Muziro wa ukoo wake, yaani mnyama ambaye ukoo haumli wala haumuui, ulikuwa enkende, tumbili. Kwa hiyo tumbili walijishibia mahindi ya shamba la ujamaa huku mwenyekiti akihutubia wananchi juu ya wanyonyaji. Aliyethubutu kuwarushia jiwe aliitwa ofisini kujieleza.

Siku ya posa Ildefons alifuatana na baba yake mdogo, Apolinary, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka likaja swali ambalo haliachwi kamwe: wageni waseme muziro wao. Watu wa muziro mmoja ni ndugu wa damu, hata kama mmoja katoka Karagwe na mwingine Kiziba na hawajawahi kuonana, nao hawaoani. Apolinary akajibu kwamba muziro wao ni emamba, yule samaki kamongo wa matopeni. Mzee Protase akaridhika. Akasema wao ni wa enkende, kwa kuwa enkende alimwokoa bibi yao porini, na ndiyo maana katika watu wote ni wao peke yao walio jamaa zake.

Hapo Ildefons akatabasamu lile tabasamu lake la darasani.

"Si ninyi peke yenu, Mzee," akasema. "Sisi sote ni jamaa zake."

Apolinary alimfinya paja, lakini wapi. Mwalimu alikuwa amekwisha kuondoka na mhadhara wake. Akaeleza habari za kucha, vidole vya kushikia na macho yanayotazama mbele. Akasema mtu hakutokana na tumbili, kama wajinga wanavyodai, bali mtu na tumbili walikuwa na babu mmoja hapo kale, kisha kila mmoja akashika njia yake. Na kamongo asidharauliwe, kwani anapumua kwa mapafu, na samaki wa jamii yake ndio waliotambaa kwenda nchi kavu na kumzaa kila mwenye miguu, ng'ombe na Mzee Protase wakiwemo. Nyumba nzima ikanyamaza. Yeye, masikini, akadhani wameelewa.

Mzee Protase hakukasirika, na hilo tu lingemtisha mtu mwenye akili. Aliuliza taratibu. Je, babu huyo ni wa damu au ni wa mfano? Wa damu, akajibu Ildefons. Je, mwalimu hawezi kuwa amekosea? Apolinary akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Clotilda, aliyekuwa amepiga magoti mlangoni na kikapu cha kahawa, alimtazama mchumba wake akatikisa kichwa. Ildefons alimwona vizuri kabisa. Lakini kusema "huenda" mbele ya katekista kulimshinda.

"Sayansi haina huenda, Mzee."

Hata hilo halikuwa kweli, na mwenyewe alilijua. Akili nyingi huondoa maarifa.

"Basi tumesikia, waitu," akasema Mzee Protase kwa Kihaya cha heshima. "Enkende ni ndugu wa nyumba hii. Wewe nawe ni ndugu yake wa damu, umesema kwa kinywa chako. Sina binti wa kumwoza kaka yake."

Ildefons akaruka, akasema hayo ni mambo ya mamilioni ya miaka. Wazee wakamuuliza dada huacha kuwa dada katika kizazi cha ngapi. Akasema kwa hesabu hiyo hakuna mtu duniani angeoa. Wakamjibu kwamba hesabu ni yake, wao walikuwa na muziro tu na ulikuwa unawatosha. Msidhani Mzee Protase aliamini hata neno moja. Alimwona mjinga anajifunga kamba mwenyewe, akamsaidia kukaza fundo. Rubisi ya wageni ilinywewa yote.

Clotilda aliwasindikiza hadi mwisho wa kibanja, macho mekundu. Apolinary akatangulia kwa adabu. Ildefons akaanza kumweleza kosa lililomo katika hoja ya baba yake, kwamba mzee amechanganya ukoo na uainishaji wa viumbe. Clotilda alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea, kisha akasema baba yake si mgumu kiasi hicho.

"Rudi sasa hivi umwambie ulikosa adabu. Usiseme tumbili, usiseme samaki. Omba radhi tu. Mimi nitamaliza yaliyobaki."

Ildefons akatazama nyumba. Moshi wa jikoni ulikuwa ukipanda, na kicheko cha wazee kilisikika mpaka walipokuwa.

"Niombe radhi kwa kusema ukweli?"

Clotilda akafunga kanga yake vizuri, akampa mkono.

"Nenda salama, kaka," akasema, akarudi kwao.