Hofu na Mashaka ni Juu Yako

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijakivuka Kilima, Sihaba alifungua madirisha mawili ya Nyumba ya Nakala, akafuta vumbi jekundu lililolala mezani, akakoroga wino kwa njiti ya ufagio, kisha akaketi kumsubiri tarishi. Tarishi huyo, Mzee Kitenzi, hakuwahi kuchelewa. Aliingia na mkoba wake wa ngozi, akaitikia shikamoo, akayalalamikia magoti yake, akaacha barua ya leo na kuondoka na nakala ya jana. Na malalamiko hayo ya magoti ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote ya Sihaba mpaka kesho yake.

Asubuhi moja, kabla wino haujatulia, mlango ulisukumwa bila hodi. Hakuwa Mzee Kitenzi. Walikuwa askari wawili wa Kilimani, viatu vimeganda udongo mbichi, na mmoja wao alishika karatasi ambayo Sihaba aliitambua tangu mlangoni, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake.

"Hii umeinakili wewe?"

"Ndiyo."

"Basi funga madirisha yako, dada. Unaitwa juu."

Neno hilo, juu, lilimkausha mate. Na asiyeijua nchi yenyewe hawezi kujua kwa nini. Nchi hiyo iliitwa Tambarare, wala haikuitwa hivyo kwa mzaha. Ilikuwa imenyooka kama mkeka uliotandikiwa wageni, toka vinamasi vya Lunzi mashariki hadi mashamba ya mtama ya Mbalase magharibi, na mtu aliyesimama uani kwake aliweza kumwona jirani wa kijiji cha tatu akipepeta nafaka. Wageni waliotawala hapo zamani waliichukia kwa sababu hiyohiyo. Hawakupata hata kichuguu cha kujengea ngome. Walipoondoka, watu wawili waliowaongoza wenzao katika kuwaondoa, Gwaru na Pondi, walisimama mbele ya umati wakala kiapo kifupi: katika Jamhuri ya Tambarare, hakuna atakayekaa juu ya mwenzake. Gwaru akawa Rais. Pondi akawa Waziri wa Ardhi, akaenda kuishi Mbalase. Kwa kuwa kazi ziliwatenganisha, waliahidiana kuandikiana kila siku, jamhuri changa isije ikafa kwa jambo lililonyamaziwa.

Kilima kilianza kwa nia njema. Katika sherehe za mwaka wa kwanza watu wa nyuma walilalamika kwamba hawamwoni Rais wao, naye, kwa kuwapenda, akakubali kusimama juu ya vikapu kumi vya udongo. Mwaka wa pili watu walikuwa wengi zaidi, vikapu vikawa mia. Mwaka wa tatu ikaonekana ni usumbufu Rais kushuka na kupanda, akajengewa nyumba hukohuko. Ndipo ikatoka amri kwamba kila kaya ipeleke kikapu kimoja kwa wiki, nacho kikaitwa kikapu cha mapenzi, na asiyekipeleka aliulizwa kwa upole ni nani aliyemfundisha chuki. Na kwa vile udongo hauanguki kutoka mbinguni, ng'ambo ya Kilima likachimbika shimo pale palipokuwa na mashamba bora kuliko yote, hata wakulima wakaacha kupanda mbegu wakawa wanapanda Kilima. Mvua zikaja, shimo likajaa maji mekundu. Na yule aliyeinuliwa ili aonekane, sasa hakuonekana kabisa. Watoto waliozaliwa miaka hiyo walidhani Rais ni aina ya wingu.

"Wakiongeza kikapu kimoja tu," Mzee Kitenzi alimwambia Sihaba siku moja huku akikanda goti, "barua zitafika kwanza kwa Mungu, yeye ndiye azirudishe chini kwa Rais."

Sihaba alicheka, kisha akaona haya kwa kuwa kicheko chake kilisikika kikubwa mno ndani ya chumba kile.

Kazi yake ilikuwa hii. Mkono wa kuume wa Pondi ulivunjwa katika miaka ya mapambano, na mwandiko wake ukabaki kama nyayo za kuku waliofukuzwa. Rais hakuweza kuusoma. Hivyo kila barua ilipita Nyumba ya Nakala, ukingoni mwa lile shimo, ikaandikwa upya kwa hati safi. Nakala ikaenda Kilimani, barua yenyewe ikatunzwa ghalani pamoja na nakala za zile za Rais. Sheria ya nyumba ilikuwa moja, imebandikwa ukutani: Usiongeze nukta, usipunguze nukta. Sihaba, aliyehitimu chuo akiwa wa kwanza katika imla na wa mwisho katika kusema mbele ya watu, alichaguliwa kwa sababu ilionekana hana la kuongeza.

Lakini mchana, alipomaliza kula muhogo wake peke yake, aliingia ghalani akasoma. Alianza na barua za mwaka wa kwanza, ambazo karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. *Ndugu yangu Gwaru. Ndugu yangu Pondi.* Waliulizana habari za meno, za mbuzi aliyepotea, za katiba. Kadiri alivyosogea kwenye rafu za karibu, ndivyo alivyoona baridi ikiingia. Barua za Kilimani zilirefuka kwa juu. Vyeo vya Rais vilichukua ukurasa mzima na nusu, jambo lenyewe likabaki na mistari minne chini kabisa, kama mtu aliyekosa kiti. Barua za Mbalase zilifupika mpaka zikafanana na vibao vya njiani. Hakuna tena aliyemuuliza mwenzake kama amelala.

Sihaba aliujua ukimya wa namna hiyo. Alipokuwa chuoni, mama yake alimwandikia kila mwezi, na kila barua ilifunguliwa kwa maneno yaleyale ambayo Tambarare nzima ilifundishwa shuleni: *Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu.* Wanafunzi wenzake waliyacheka maneno hayo. Yeye hakuyajali, mpaka mama yake alipofariki na pasiwe tena na mtu duniani mwenye hofu na mashaka juu yake.

Wiki tatu kabla ya askari kuja, ilifika barua ya Pondi yenye mistari miwili. *Kilima kimepasuka upande wa kusini. Simamisha vikapu.* Haikuwa na salamu hata moja. Sihaba aliitazama muda mrefu. Aliona jinsi itakavyopokelewa huko juu, uchi na baridi kama ilivyokuwa, akaionea huruma. Siku hiyo asubuhi alikuwa amesoma tena barua ya kwanza kabisa ghalani, na maneno yake yalikuwa bado yanamzunguka kichwani. Akachovya kalamu, na juu ya mistari ile miwili akaandika: *Ndugu yangu. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu.* Hakuongeza nukta. Aliongeza hayo tu.

Sasa alikuwa anapanda, askari mmoja mbele, mwingine nyuma. Upande wa kusini walipita ufa ambao mtu angeweza kuingiza mkono hadi begani. Juu yake lilikuwa limetandikwa zulia.

Ndani ya baraza kulikuwa na watu watatu. Rais Gwaru, mzee mdogo kuliko Sihaba alivyomdhania, aliketi nyuma ya meza kubwa. Mbele yake alisimama Pondi, mkono wake uliopinda umeegemea kifuani, suruali ikiwa na tope la Mbalase. Kando alisimama Bwana Zumari, Msoma Makusudi wa Jamhuri, ambaye kazi yake ilikuwa kumweleza Rais kile ambacho watu wamemaanisha. Mezani palikuwa na kalamu ya Rais, nayo ilibingirika polepole kuelekea kusini mpaka ikaanguka. Bwana Zumari aliiokota akairudisha bila kukatiza maneno yake. Alionekana mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo.

"Tusome kama wanavyosoma wenye akili, Mtukufu," alisema. "'Mimi huku ni mzima.' Yaani, wewe huko si mzima. 'Hofu na mashaka ni juu yako.' Anatangaza kwamba hofu yote ya nchi hii, na mashaka yake, chanzo ni wewe. 'Uliye mbali na upeo wa macho yangu.' Hapo ndipo machozi yaliponitoka, Mtukufu. Anakuombea utoweke."

"Chini naona kuna mistari mingine," alisema Rais.

"Habari za udongo tu. Haina makusudi."

Rais alimtazama Pondi. "Ni yako?"

Pondi aliipokea ile karatasi, akaisogeza mbali na macho yake, akaisoma huku midomo ikicheza. Sihaba aliiona midomo ile ikisimama mahali fulani, kisha ikarudi kuanza upya.

"Ni yangu," alisema.

"Basi ni Lunzi," alisema Bwana Zumari kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya chumvi. Kutoka vinamasi vya Lunzi haijawahi kufika barua.

Kalamu ilianguka tena, ikaokotwa tena. Sihaba alielewa kwamba hakuna atakayemuuliza lolote zaidi. Ameitwa kuthibitisha hati yake, na hati yake imethibitishwa. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza, kazi aliyoimudu kuliko zote.

"Si yake," alisema.

"Nani amesema?" aliuliza Rais.

"Mbu, nadhani," alisema Bwana Zumari. "Pandisha sauti, binti. Au wino umeunywa?"

"Babu aliandika mistari ya udongo tu. Hayo ya juu nimeyaongeza mimi."

"Nyamaza, mwanangu," alisema Pondi. "Mimi nimeshazeeka. Vyura wa Lunzi watanizoea."

"Samahani, babu. Nimeshasema."

Rais aliinama mbele. "Umeyatoa wapi?"

"Ghalani. Barua ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Ni maneno yako, Mtukufu."

Kalamu ilibingirika, ikaanguka, ikalala sakafuni. Bwana Zumari hakuinama.

"Nilikuwa na homa," Pondi alisema taratibu. "Kule Mbalase. Walikwisha kuninunulia sanda. Ukaniandikia. Nilipoyaona maneno yale hapa niliyajua. Sikudanganya, Gwaru. Uliniandikia mimi, kwa hiyo ni yangu."

Rais aliufuata mstari wa maandishi kwa kidole, kwenda na kurudi. Mwishowe alimgeukia Msoma Makusudi wake. "Basi mimi nilimaanisha nini?"

"Ah, kwako wewe, Mtukufu, ni salamu. Maneno yakitoka juu huwa na maana nyingine."

"Wakati ule sikuwa juu."

Kutoka chini ya sakafu ilipanda sauti ndefu, nzito, kama ya mnyama anayegeuka usingizini. Vumbi jekundu lilidondoka darini likatua juu ya karatasi. Bwana Zumari alifungua kinywa aeleze sauti ile ilikusudia nini, akakifunga, akatafuta ukingo wa meza wa kushika.

Rais aliinuka, akaenda dirishani. Alitazama chini kwa muda mrefu, akiwa amefunika macho kwa kiganja kama mtu anayemtafuta mgeni barabarani. Mahali palipokuwa na nchi palikuwa na weupe mtupu. Aliporudi, hakuketi.

"Nimesahau," alimwambia Sihaba, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye miaka mingi hajaulizwa kama amelala. "Naapa nimesahau. Wewe uliyeyachukua, ulimaanisha nini?"

Mkono wa Sihaba, kwa mazoea, ulikwenda kutafuta kalamu. Ilikuwa sakafuni, imekwama ukutani upande wa kusini, na wote watatu walimwona akiitazama.

"Hapana," alisema Rais. "Kwa mdomo."

Alifikiria barua zote alizowahi kunakili, na kwamba katika zote hizo hakuna hata moja iliyokuwa yake. Alimtazama mzee yule mdogo aliyesimama kwenye sakafu iliyoinama, mguu mmoja juu kidogo kuliko mwingine.

"Nilimaanisha kwamba tunakuogopea, baba," alisema. "Hatukuogopi, tunakuogopea. Hatukuoni. Shuka."