Ufagio wa Toleo Jipya

Toleo jipya la programu lilipotangazwa, mvua za masika zilikuwa zimeshaanza, na karibu wanachama wote wa kundi waliliweka kwenye kompyuta zao mara moja. Mtunza toleo alijivunia utii huo, kwa sababu ni yeye aliyeujenga.

Programu yao ilikuwa huria: mtu yeyote aliweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bila malipo. Kundi lao dogo liliitumia kuhifadhiana mafaili. Faili lilifungwa kwa siri kwenye kompyuta ya mwenyewe, likakatwa vipande kumi, na kila kipande kikaenda kukaa nyumbani kwa mwanachama mmoja. Vipande vitatu vyovyote vilitosha kulirudisha zima. Hakuna aliyejua anamtunzia nani nini, hata mtunza toleo, aliyeandika sehemu kubwa ya programu hiyo.

Tatizo lilikuwa diski kujaa. Ndiyo maana toleo jipya lilikuja na kile walichokiita ufagio. Tangu zamani, kompyuta ya mwenye faili ilitakiwa kupiga hodi mara kwa mara ili kusema kwamba vipande vyake bado vinahitajika, lakini asiyepiga hakupatwa na lolote. Sasa kipande kisichopigiwa hodi kwa muda kilihesabiwa kuwa yatima, na ufagio ulikifuta.

Mkaidi aliyebaki mjini alikuwa mtengeneza saa, ambaye wote walimwita Bwana Kesho. Asubuhi ile mtunza toleo alimpigia simu. Bwana Kesho alimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Mtunza toleo alimjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba asipoliweka leo atatolewa kundini. Muda mfupi baadaye kompyuta ya Bwana Kesho ilitoweka mtandaoni, kama ifanyavyo kompyuta inapowekewa programu. Mtunza toleo akaridhika.

Alikuwa bado ameridhika wifi yake alipoingia, amelowa, amebeba viatu vya mumewe ndani ya mfuko wa plastiki.

Mume huyo, kaka yake mtunza toleo na mwanachama wa kundi, alikuwa mpimaji. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kupima ukuta wa bwawa lililo juu ya mji. Gari lake lilikutwa limepinduka kwenye barabara iliyonyooka, kompyuta yake haimo, na tangu hapo hakuwa amefumbua macho. Alasiri hiyo tume ilikuwa ikutane kuhusu bwawa, na wenye bwawa walikuwa wameshaieleza kwamba hakuna vipimo vyovyote vilivyowahi kuchukuliwa. Hospitali ilikuwa imerudisha nguo zake siku hiyohiyo. Chini ya soli ya ndani ya kiatu kimoja, mkewe alikuta kadi ndogo ya kumbukumbu. Ndani ya kadi mlikuwa na mstari mmoja mrefu wa herufi.

Mtunza toleo aliutambua. Ulikuwa ufunguo wa faili katika hifadhi yao. Karibu acheke kwa faraja. Akauingiza, na kompyuta ikajibu: vinahitajika vitatu, vimepatikana viwili.

"Viwili maana yake nini, wifi?"

Mtunza toleo alihesabu kichwani. Kompyuta ya kaka yake haikuwa imepiga hodi tangu ajali. Wote waliomtii walikuwa wameshafagia. Viwili vilivyosalia vilikuwa kwa wanachama walio safarini, ambao hawakuwa wamepata nafasi ya kuliweka toleo. Cha tatu, kama kilikuwepo, kilikuwa kwa Bwana Kesho.

Alimpigia. Bwana Kesho alipokea akiwa na furaha tele.

"Tayari, Mama Toleo. Nimeliweka. Sasa usinitoe kundini."

Walikwenda hata hivyo. Nyumba ya mtengeneza saa ilikuwa bondeni, chini ya bwawa, ng'ambo ya daraja dogo ambalo maji ya matope yalikuwa tayari yanalamba mbao zake. Chumba cha mbele kilijaa saa za ukutani, kila moja na majira yake. Watoto wawili walicheza sakafuni. Chini ya meza ya kazi, kompyuta ilikuwa imezimwa.

Mtunza toleo alimsihi amwambie kama kweli ameliweka. Bwana Kesho alikunja uso. Alisema yeye si mtoto, neno lake ni neno, na toleo ameliweka kwa mikono yake miwili. Kwa mara ya kwanza maishani mtunza toleo aliomba kimoyomoyo kwamba mtu awe amemdanganya.

Wifi yake ndiye aliyesogea mbele.

"Kaka yangu," alisema, "mume wangu amelazwa kwa ajili ya kitu kilichomo humo. Kama ulimdanganya huyu, leo uongo wako ni heri."

Bwana Kesho alizitazama saa zake, moja baada ya nyingine.

"Nilichomoa waya tu," alisema. "Nilitaka aone nimetoweka, aniache ninywe chai yangu."

Hakuna aliyecheka. Waya ulirudishwa, kompyuta ikaamka na toleo lake kuukuu, na kipande cha tatu kikapatikana.

Faili lilikuwa na vipimo na picha. Mpimaji alizoea kutania kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwa ukuta ule hatabaki wa kujenga. Katika picha za mwanzo ufa haukupitisha ukucha. Katika ya mwisho, iliyopigwa kiangazi bwawa likiwa nusu tupu, mkono wa mtu ulikuwa umeingia hadi kwenye kiwiko. Mkewe alilitambua shati. Chini yake palikuwa na sentensi moja: maji yasivuke alama nyekundu.

Mtunza toleo alituma nakala kwa tume, kisha akauliza kama kuna anayeijua alama hiyo.

"Ipo kwenye mnara wa kupimia maji," alisema Bwana Kesho. "Mke wangu hupita pale juu akienda kazini. Jana alisema imebaki kidogo maji yaifunike."

"Na leo?"

"Leo hakuiona."

Mojawapo ya saa za ukutani ikagonga, majira si yake. Bwana Kesho alipiga magoti sakafuni, akamvuta mtoto mdogo karibu, akaanza kumvalisha viatu.