Kahawa ya Bwana Mkaguzi

Viatu vilikuwa vya kaka yake Projestus, na vilimbana mpaka vidole vikafa ganzi. Clavery Karugendo alivivaa hivyo hivyo, kwani nani aliwahi kwenda kwenye mtihani wa leseni ya lori miguu mitupu? Tangu alfajiri alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya leseni, mjini Bukoba, bila kutia kitu mdomoni. Jua lilikuwa utosini ndipo Bwana Kagaruki, mkaguzi wa magari, alipotoka akipangusa mdomo na kumwambia apande.

Mwaka ule wa 1974 leseni haikuwa karatasi tu. Ofisi ya kata kule Kamachumu ilikwisha kutangaza: asiye na kibanja, shamba lake la migomba na kahawa, wala kazi inayojulikana atahamia Ngenge, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Kibanja cha marehemu baba kilimwangukia Projestus, mtoto mkubwa, kama desturi inavyotaka. Clavery na mkewe Verdiana walisitiriwa kwenye kibanda nyuma ya migomba. Na utaniboi wake, ile kazi ya kuruka chini na kuweka gogo nyuma ya gurudumu lori likishindwa mlima, katibu kata alishasema si kazi, ni uzururaji wa kupanda gari. Ila meneja wa kampuni ya usafirishaji alikuwa na Bedford moja imelala, haina dereva. "Lete leseni," alimwambia Clavery, hata akamwazima gari la kufanyia mtihani, "uanze siku hiyo hiyo." Akiikosa, basi ni Ngenge: nyika, ndorobo, homa, na mgomba hakuna hata wa dawa. Verdiana alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka.

Aliendesha. Aliliondoa lori katikati ya mlima bila kurudi nyuma hata shubiri, akalirudisha kinyumenyume katikati ya mapipa. Mkaguzi alikuwa akichokonoa meno muda wote.

"Umeendesha," akasema waliposimama.

"Asante, waitu," Clavery alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Tena vizuri. Ila kahawa sijaiona."

"Kahawa, bwana?"

"Wewe si mtu wa Kamachumu? Kwenu kahawa imejaa. Njoo nayo Ijumaa, uchukue leseni yako."

Clavery nusura apige vigelegele. Alivua viatu, akavitia kwapani, akarudi nyumbani akidandia magari ya watu.

"Amesema kahawa?" Verdiana aliuliza.

"Kwa mdomo wake."

"Basi huyo amelelewa. Wengine wakishakaa ofisini wanasahau kwao."

Maana katika Uhaya, mtu usiyempa akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na majani na kukaushwa kwa ajili ya kutafuna, bado hujamkaribisha. Na wewe unayetoa ndiye unayetafuna ya kwanza, mwenzio aone hakuna sumu. Verdiana alichagua punje nzima nzima, akazitia kwenye kikapu kidogo alichopewa siku ya harusi. Walicheka usiku ule. Walipanga hata jina la mtoto.

Ijumaa Clavery aliingia ofisini, akapiga goti, akatoa punje moja akaitafuna, kisha akanyoosha kikapu kwa mikono miwili.

Mashine ya chapa ikanyamaza. Kagaruki alikitazama kikapu, akamtazama Clavery anayetafuna.

"Nini hiki?"

"Ile kahawa uliyoniagiza, waitu."

Karani mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Uso wa mkaguzi ulivimba.

"Unaniletea za kutafuna? Mimi? Mbele ya makarani wangu?"

"Si ulisema kahawa..."

"Na wewe unazitafuna machoni pangu! Umetumwa kunidhihaki?" Akainama mpaka Clavery akasikia harufu ya pombe. "Sikiliza, bwana mdogo. Mkono mtupu haulambwi. Mwenzako Buberwa anajua Kiswahili."

"Mimi pia najua Kiswahili."

"Hujui. Na mtihani umeanguka. Rudi baada ya miezi sita."

"Nimeanguka wapi, bwana?"

"Alama za barabarani."

"Hukuniuliza alama."

"Zingekuwa kichwani ungejibu hata bila kuulizwa. Toka."

Buberwa alikuwa nje, amesimama kivulini na leseni mpya mfukoni. Walikuwa mataniboi pamoja miaka mingi. Siku moja tu dereva wao alimwachia Buberwa usukani, naye akaliingiza lori kwenye migomba ya padri.

"Ndugu yangu," Buberwa alisema, akikitazama kikapu kwa huruma, "kahawa ya ofisini haichemshwi. Inawekwa ndani ya bahasha. Watu wote wa mjini wanajua."

Watu wote wa mjini! Clavery alijiona mjinga, akaona haya njia nzima. Verdiana aliposikia alikaa chini kando ya mafiga. "Mimi ndiye niliyesema amelelewa," alisema, akalia kwa sauti bila kujificha. Clavery alimwendea Projestus kumwomba amkopeshe fedha za bahasha. Projestus hakuwa mchoyo. Kahawa yake yote ilikwisha kupelekwa kwenye chama cha ushirika, na chama kilisema malipo yapo njiani tangu msimu uliopita.

Jumatatu lori likaja kuwachukua. Ilikuwa ile ile Bedford, na kwenye usukani alikaa Buberwa. Meneja alihitaji mwenye leseni, na mwenye leseni ndiye huyo. Pembeni yake alikaa katibu kata, Bwana Kaijage, amevaa shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Mgambo walimsukuma Clavery juu ya bodi, wakampandisha Verdiana, wakatupia sufuria na godoro. Jirani yao Mama Anatolia, aliyekwisha kupandishwa, alimkumbatia mbuzi wake kama mtoto. Projestus alisimama kwenye migomba, kofia mkononi.

Mteremko wa kushukia bondeni ulipoanza, Buberwa aliushuka kwa gia ya juu, mguu hauondoki kwenye breki. Punde moshi ukatoka kwenye magurudumu. Lori likaanza kukimbia lenyewe. "Yesu na Maria!" wanawake walipiga kelele. Liligonga ukuta wa mlima kwa ubavu, likakwaruza, likasimama tairi moja ya mbele ikining'inia mtaroni.

Buberwa alikuja nyuma. Suruali ilikuwa imelowa.

"Clavery. Shuka, ndugu yangu. Tutakufa."

"Huyo ana leseni?" Kaijage aliuliza kutoka dirishani.

"Hana, mheshimiwa."

Katibu alichungulia bonde. Lilikuwa refu. "Basi aendeshe," alisema. "Tukikaribia kizuizi cha polisi mtabadilishana. Sheria ni sheria."

"Clavery, usiende!" Verdiana alimshika shati. "Waache. Tulale hapa hapa barabarani, wajue la kufanya."

Hasira ilimjaa. Aliwatazama watu waliojazana nyuma, akalitazama tumbo la mkewe. Akashuka. Aliitoa tairi mtaroni, akasubiri breki zipoe, akalishusha lori polepole kwa gia ya kwanza, katibu akiwa kando yake anasema taratibu, taratibu, kama mtu anayesali. Kabla ya kizuizi walisimama. Clavery akarudishwa nyuma, Buberwa akatoa leseni yake, askari akaisoma, akampigia saluti katibu. Kutoka hapo njia ilikuwa tambarare mpaka Ngenge.

Kijiji kilikuwa visiki, nyasi na vigingi vya kupimia viwanja. Kaijage aliwekewa meza.

"Jina?"

"Si unanijua."

"Jina!"

"Clavery Karugendo."

"Kazi?"

"Dereva."

Kaijage aliinua macho. Muda mfupi walitazamana, na jasho la mteremko lilikuwa bado halijakauka kwenye shati la katibu.

"Leseni iko wapi?"

Clavery aligeuka akaitazama Bedford.

"Hana kazi," Kaijage alisema huku akiandika. "Mpeni jembe. Anayefuata!"

Mgambo alimpa jembe jipya, mpini haujapigwa msasa. Verdiana alikuwa amekaa juu ya godoro, mikono tumboni, akifukuza ndorobo kwa kanga. Nyuma yao Buberwa alijaribu kuligeuza lori katikati ya visiki. Likaruka, likazima. Akawasha tena, likazima tena.

"Clavery!" katibu aliita, akikunja meza. Jua lilikuwa linashuka, na hakuna kiongozi aliyetaka kulala Ngenge. "Hebu weka hilo jembe chini, njoo utugeuzie gari tuondoke."

Alikwenda. Aliligeuza mara moja tu, akalielekeza Kamachumu, akashuka injini ikiwa inaunguruma, akamshikia Buberwa mlango.