Foleni ya Choo Colderbrook

Ukutani mwa ukumbi wa manispaa ya Colderbrook palibandikwa karatasi kubwa yenye nyuzi nyekundu. Nyuzi ziliunga shule na maduka ya chipsi, mabasi na mapafu, upweke na moyo. Waliuita mpango wa mfumo mzima wa afya. Ilikuwa karatasi ya tatu kwa kumbukumbu yangu. Ya kwanza ilibanduliwa alipohama mkurugenzi, ya pili walipopaka ukuta rangi.

Sina ugomvi na karatasi. Ilisema kweli: afya haikai zahanati peke yake. Ugomvi wangu ni na wanaoichora, kisha wanarudi kila mtu ofisini kwake, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Chukua habari ya Beryl Hargreave. Alipofiwa na mumewe alijifungia ndani majira yote ya baridi, moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akampa vidonge vya kutoa maji mwilini, na akamwambia atembee na kundi la wazee la Jumatano. Kundi lilianzishwa na idara ya afya. Mimi ndiye niliyeliongoza. Tulianzia sokoni, tukafuata mfereji, tukarudi kunywa chai. Beryl akaanza kucheka tena, hasa kunicheka mimi.

Kisha idara ya majengo, ya manispaa hiyo hiyo, ikafunga choo cha sokoni.

Jumatano iliyofuata Beryl hakuonekana. Nikamfuata kwake. Alinifungulia akiwa bado na gauni la kulalia, na mchana ulikuwa umekaribia.

"Vile vidonge havisubiri, Seth. Unataka nichuchumae kichakani mbele ya bata?"

"Bata hawasemi."

"Maud Tattersall wa kundi letu anasema." Alicheka kidogo, akaacha. "Nenda, mpenzi. Safari zangu zimeishia mlangoni hapa."

Nikaenda kwa Philippa Crane, mratibu wa mpango.

"Inasikitisha sana," akasema. "Lakini choo si chetu. Choo ni cha majengo."

Nikapanda ngazi hadi kwa Gareth Pollitt wa majengo.

"Watembeaji si wangu, mzee. Hao ni wa afya."

"Na kibofu ni cha nani?"

Akatazama saa yake.

Niliwaona wakifunga bwawa la kuogelea, kisha maktaba, kisha basi la kwenda hospitali. Kila mara tuliandika barua za malalamiko, na najua zinakolala. Safari hii sikuandika.

Nilimwambia Beryl tutaanzia ukumbi wa manispaa, ambako kuna choo kimoja cha wageni wote, kando ya chumba cha mikutano. Alikuja. Nilichagua siku ya kikao cha mpango. Tulikunywa chai kwanza, tena nyingi, halafu tukajipanga ukumbini, wazee wote, na buti zetu za matope.

Colderbrook mtu anaweza kukunyang'anya kazi na nyumba, lakini haruki foleni. Kikao kilipopumzika, Pollitt akatoka, akasimama nyuma ya Beryl, wa mwisho wetu. Nyuma yake akasimama Philippa, kisha mwenyekiti, kisha wengine.

"Foleni ya nini hii?" Pollitt akauliza.

"Ya choo, kipenzi," Beryl akamjibu. "Kile ulichokifunga kimehamia huku."

Pollitt akabadilisha mguu. "Samahani, mama, mimi nina haraka kidogo."

"Hata mimi. Yangu ina cheti cha daktari."

Zamu ya Beryl ilipofika aliingia, na hakujiharakisha. Hakuna aliyegonga mlango. Kikao kilichelewa kuendelea.

Juma lililofuata choo cha sokoni kilifunguliwa, kwa majaribio, walisema. Philippa akaongeza uzi kwenye karatasi, kutoka choo hadi moyo, akaniita niutazame.

"Uzi mzuri," nikamwambia. "Ukiondoka wewe, nani ataushika?"

Mkataba wake ulikuwa unaisha masika. Hakujifanya kuwa anajua. Kwa hilo nilimheshimu.

Basi tunaushika wenyewe. Choo cha sokoni ki wazi, lakini kila Jumatano ya kikao tunakunywa chai na kwenda kupanga foleni kule ukumbini. Philippa ameshaondoka. Pollitt yupo, na siku hizi anakwenda msalani kabla hatujafika. Beryl ndiye anayetangulia foleni. Huwa anachukua muda wake.