Ndama Aliyezaliwa na Barua

Jumatatu ya kwanza ya Februari, mwaka 1981, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Bibiana alifungua boksi lililoandikwa MADAFTARI 120, akakuta ndani yake madaftari tisa na mjusi mmoja. Mjusi alikuwa hai. Shule ilikuwa na vyumba viwili, juu mlimani kwa wafugaji, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kijiji cha Nainokanoka, na darasa la kwanza lilikuwa na watoto hamsini na wawili.

"Barabara ni mbaya," alieleza Mwalimu Mkuu, Mwalimu Clemensi. "Madaftari hudondoka njiani."

"Lakini boksi lilikuwa limefungwa kwa gundi, Mwalimu."

"Ndiyo maana nasema ni mbaya sana."

Kisha akachukua yale tisa kwa ajili ya maandalio yake ya masomo. Mjusi alibaki darasa la kwanza.

Bibiana alikuwa binti wa miaka ishirini kutoka Karatu, mmoja wa walimu waliofunzwa harakaharaka nchi ilipoamua kwamba kila mtoto asome. Watoto wakaanza kuandika ardhini kwa vijiti. Waliandika alichoandika yeye ubaoni, naye alikitoa kitabuni: Mama anakuna nazi. Walikinakili bila kosa. Hakuna aliyewahi kuona nazi. Sintamei, aliyeketi mbele, aliuliza kama hukamuliwa asubuhi au jioni.

Naisula, wa darasa hilohilo, alikuwa na haraka ya kujua kuandika. Baba yake, Mzee Lengai, alikuwa amemruhusu kusoma mpaka mvua za masika ziishe, kwa sharti moja: amwandikie barua kaka yake Ngoyai, aliyeondoka miaka miwili nyuma kwenda kulinda shamba la kahawa huko Karatu na tangu hapo hajaleta neno, na barua hiyo ipate jibu. Jibu lisipokuja, Naisula angerudi kuchunga ndama. Sheria ilisema kila mtoto asome, lakini sheria ilikuwa haijawahi kupanda mlima ule kwa miguu.

Naisula alikuwa akija shuleni na Naibor, ng'ombe mweupe mwenye mimba, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwangalia. Siku moja wakati wa mapumziko alichukua kipande cha mkaa, akaandika "ba" kati ya ubavu wa tatu na wa nne wa Naibor. Kiangazi kilikuwa kikali na mbavu zote zilionekana. Mwalimu Bibiana aliona, akaita darasa.

"Kesho kila mtoto aje na ng'ombe. Awe mweupe, na awe amekonda."

Wazazi hawakuwa na neno. Mzee Lengai aliuliza tu kama mkaa unapunguza maziwa. Alipoambiwa haupunguzi, alisema, "Basi andikeni. Ila kwato msiguse."

Silabi moja ilikaa kati ya mbavu mbili. Watoto waliozoea kubananisha herufi waliacha, kwa sababu ubavu haurukwi. Waliokandamiza mkaa walipigwa teke na ng'ombe, na baada ya wiki moja darasa zima lilikuwa na mwandiko mwepesi ambao shule zenye madawati hazijaupata. Sentensi ilianza begani.

"Mkifika nyonga," alisema Mwalimu Bibiana, "wekeni nukta."

Walipoweza hayo, alifuta nazi ubaoni.

"Leo andikeni kitu mnachokijua ninyi, mimi sikijui."

Sintamei aliandika maneno manne, akaziba kwa kiganja.

"Umeandika nini?"

"Bibi yangu huiba sukari."

"Endelea. Mbona umeziba?"

"Ataona."

"Si hajui kusoma?"

"Lakini ng'ombe ni wake, Mwalimu."

Naisula alichukua siku nne kuandika barua yake ubavuni mwa Naibor, upande wa kushoto. Ilisema: Kaka Ngoyai. Mimi Naisula. Sasa najua kuandika. Baba anasema amekusahau. Kila jioni anakaa akitazama barabara. Jibu.

Mwalimu Bibiana alimsomea Mzee Lengai kwa sauti. Mzee alikohoa, akalalamikia moshi, ingawa hapakuwa na moto karibu. Akasema Ijumaa atampeleka Naibor posta.

Alhamisi mvua ilinyesha. Ng'ombe hamsini na wawili wakawa weupe kabisa. Naisula alisimama kwenye mvua, mkono wake ukiwa juu ya mbavu tupu, mpaka mwalimu alipomfuata na kumwingiza ndani. Mvua iliendelea kwa wiki saba, na mkaa uliolowa hauandiki.

"Masika yakiisha, mwanangu," alisema Mzee Lengai, bila ukali. Naisula alijua sentensi iliyobaki.

Mvua zilipoanza kupungua Naibor alizaa. Ndama alikuwa mweupe, na ubavuni kwake, upande wa kushoto, ilikuwapo barua yote kwa manyoya ya kahawia, pamoja na nukta nyongani. Upande wa kulia palikuwa na ukurasa wa pili, kwa mwandiko uleule: Tena kaka madaftari yetu hayadondoki njiani. Yako dukani kwa mke wa Mwalimu Mkuu, nyuma ya gunia la chumvi. Wanafungia ugoro.

Mwalimu Bibiana alilowesha kidole, akasugua. Haikufutika.

"Umeandika wewe?"

"Upande wa kushoto," alijibu Naisula. "Wa kulia nilikuwa naufikiria tu."

Mwalimu Clemensi alikuja, akamzunguka ndama mara mbili, akasoma kila upande.

"Mwandiko ni mzuri," alisema. "Ila baada ya 'kaka' palihitaji mkato." Kisha akaenda dukani kwa mkewe kunywa chai.

Mzee Lengai alitembea siku mbili mpaka posta ya Karatu, akimswaga Naibor na ndama wake. Karani, Raphaeli, alimkagua ndama kwa kuinamia kaunta. Anuani ilikuwa kwenye paji la uso, nayo kwa manyoya ya kahawia. Alilamba stempu, akaibandika chini ya sikio la kulia.

"Uzito umezidi wa barua, Mzee. Hiki ni kifurushi."

"Kinanyonya."

"Basi mama yake ni kiambatisho." Akaandika. "Lakini shamba lenyewe ni mwendo wa saa moja tu. Kwa nini usiende mwenyewe?"

"Sikuja kumtafuta mtu," alisema Mzee Lengai. "Nimeleta barua."

Mvua ya mwisho ilinyesha Jumanne. Jumatano Mzee Lengai alishika udongo, akasema bado una unyevu. Alisema hivyo siku tisa mfululizo, huku vumbi likimtoka vidoleni. Siku ya kumi gari la posta liliwashusha Naibor na ndama wake. Ubavuni mwa Naibor palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, ile ya kuwekea alama magunia ya kahawa. Naisula aliyasoma: Nimesoma pande zote mbili. Naja Desemba. Baba, Naisula asiache shule. Kwani madaftari hamjaenda kuyachukua?

Mzee Lengai aliomba asomewe tena, na tena.

"Kesho uwahi shule," alisema. "Usinitie aibu kwa kuchelewa."

Swali la mwisho halikujibiwa. Kamati ya shule ilikaa, ikakubaliana kwamba ndama ni wa kweli na kwamba siku ya ukaguzi asimame upande wa kushoto ukimwelekea mkaguzi. Mkaguzi alipofika Julai, ndama aligeuka. Mkaguzi alimgusa kichwani, kama mzee anavyomgusa mtoto anayemwamkia, akasoma upande wa kulia mpaka mwisho, akatoa alama tisa kwa kumi. Moja alikata kwa sababu ya mkato. Akampongeza Mwalimu Mkuu, akapitia dukani, akaondoka na ugoro uliofungwa kwenye karatasi yenye mistari ya bluu. Boksi la muhula huo lilikuwa na madaftari saba.

Desemba Ngoyai alikuja kweli, na Mwalimu Clemensi akatoa waraka kwa wazazi wa darasa la kwanza jipya. Kila mtoto aje Januari na jembe, fagio, na ng'ombe mmoja mweupe aliyekonda. Alimpa Mwalimu Bibiana anakili, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mwalimu Bibiana alinakili nakala sitini kwa uangalifu, na katika kila moja, baada ya neno "aliyekonda", akaongeza: mwenye mimba.