Siku Niliyoketi Uani

Kitabu kile nilikinunua sokoni Chepilat mwaka wa tisini na tano, kutoka rundo la vitabu vikuukuu. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada, na kilifundisha jinsi ya kuketi ili akili itulie. Nilikisoma kwa kamusi, kurasa mbili kila jioni. Tangu Mellen, mke wangu, afariki, jioni zilikuwa ndefu.

Maagizo hayakuwa magumu. Kalia kitu kilichoinuka kidogo, magoti yawe chini ya nyonga. Mikono ipumzike mapajani. Hesabu pumzi hadi kumi, kisha uanze tena. Mgongo uwe wima, bila kuegemea kitu.

Kwenye mgongo ndipo nilipokwama. Nimebeba kikapu cha majani ya chai miaka kumi na tisa, na mgongo wangu huinama hata nikiwa kanisani. Nikachukua fimbo ya kuchumia, ile nyembamba tunayoilaza juu ya michai ili tuone usawa, nikaifunga mgongoni kwa kamba. Ilitakiwa iniguse mahali patatu: kisogoni, katikati ya mabega, na kiunoni. Ikiacha kunigusa hata mahali pamoja, basi nimeinama.

Chumba changu katika kambi ya wafanyakazi wa chai kilikuwa na giza, na kati ya kitanda na jiko hapakuwa na nafasi. Jumapili moja baada ya ibada nikakunja gunia mara nne, nikalitandika mbele ya mlango, nikaketi.

Sikufikiria nitaonekanaje. Pale kambini mtu mzima haketi chini nje ya mlango wake mchana, kimya, ila akiwa amefiwa.

Rodah, jirani yangu, alitoka kuanika vyombo, akanisalimu. Nilikuwa nimefika pumzi ya saba, sikujibu. Akarudi ndani, akatoka na leso kiunoni na kuni mkononi, akaziweka mlangoni pangu na kuketi chini hatua chache kutoka kwangu. Akaja Ogoti wa kiwandani, redio yake imezimwa. Wengine wakafuata. Mtu akawasha moto. Wa mwisho alikuwa Kiptanui, askari wa geti, na kigoda chake na chupa ya maziwa. Hakuwa amefika mlangoni pangu tangu fujo za kikabila za mpakani za tisini na mbili, wakati kila mtu alijifunza kusalimia watu wa kwao tu. Akaketi kando yangu.

Nilipaswa kuinuka. Lakini Mellen nilimzika nyumbani Nyamira, kwa ruhusa ya siku tatu, na niliporudi watu waliniambia pole kwenye mizani ya kupimia majani, wakainamia vikapu vyao. Siwalaumu, karani wa mizani hasubiri mtu. Ila hakuna aliyeketi nami. Sasa walikuwa wameketi kumi na mmoja. Nikajiambia, nikifika kumi nitasema.

Nilifika kumi mara nyingi.

"Baba Janefer," Rodah akasema mwishowe, "tuambie tu. Ni Janefer?"

Kusikia jina la binti yangu kulinishtua. "Hapana. Janefer ni mzima."

"Sasa ni nani?"

Ingekuwa rahisi kumtaja mjomba fulani wa mbali. "Hakuna aliyekufa," nikasema. "Ninajifunza kuketi."

Ogoti akainama, akaiona fimbo. "Mzee, miaka yote hii umekuwa ukiketi bila leseni?"

Wakacheka kidogo. Rodah hakucheka. Alisema kifo si kitu cha kuchezewa, akakusanya kuni zake zilizobaki, akaenda. Hakukosea. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, wakikung'uta nguo.

Kiptanui alibaki.

"Mama Janefer," akauliza, "mlimkalia matanga siku ngapi?"

"Mbili. Ya tatu nilikuwa njiani kurudi kazini."

Akatikisa kichwa. Alitazama michai ng'ambo ya bonde, mgongo wake umenyooka bila fimbo, hadi zamu yake ilipofika. Akachukua kigoda, maziwa akayaacha.

Jumapili iliyofuata niliketi tena mahali pale, na kando yangu nikaweka kigoda changu, kitupu. Rodah alipita, akanisalimu, nami nikaacha kuhesabu nikamwitikia. Hakusimama. Kiptanui alikuwa getini, zamu ya mchana.

Nikaanza tena na moja.