Upande Unaotazama Mlango

Umeshaanza kutafuta pa kupeleka macho. Nakujua. Likitajwa neno kiwewe, wewe hukumbuka ghafla kwamba umeacha maji jikoni, au unasema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba za watu, au unasema wenye taabu za kichwa wana madaktari wao. Kaa. Sitaki machozi yako. Nataka utazame tu, kwa muda ule ule unaowapa watu wanaogombana barabarani.

Mimi nakunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Shule niliachia darasa la sita, mengine nimejisomea mwenyewe kwenye kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, hata zile za kufungia maandazi. Wenzangu wananiita Gazeti, na nusu yao wanalitumia kama tusi. Nina kumbukumbu ndefu. Nakumbuka mwezi tulioacha kupewa glavu na sababu tuliyoambiwa. Nakumbuka ni msimamizi yupi, kati ya watano waliopita hapa, aliyetukata mshahara wa siku nzima kwa kuchelewa dakika kumi na mbili. Ukitaka kunidanganya kuhusu jambo lililopita, nitakuambia hata kama mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa mpime mtu wa namna hiyo. Miaka tisa nimekunja mashuka na mwanamke mmoja, uso kwa uso, na sikuwahi kumuuliza kwa nini hakubali kuupa mlango mgongo.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Unashika pembe mbili, mwenzako mbili, mnavuta mpaka likakamae, mnalikunja kwa urefu, kisha mnatembea mkutane katikati. Anakupa pembe zake, vidole vinagusana, anainama kuokota mkunjo wa chini, mnarudi nyuma tena. Mara mia nne kwa siku. Mgongo wangu ulikuwa mlangoni, uso wake ulikuwa mlangoni. Miaka tisa nilimwona akitazama juu ya bega langu.

Tulimwita Kengele. Mashine sita zikiunguruma, yeye alisikia viatu vya msimamizi tangu mwanzo wa korido. Na si viatu tu, alijua kama mwenye viatu kaamka vibaya. Alikuwa anasema, "Hili bado limelowa," na chumba kizima kinaficha simu, vikombe vya chai na karatasi zangu. Karatasi zangu hasa. Kila orodha ya madai niliyowahi kukusanya saini ilizunguka salama kwa sababu Kengele alikuwa anasikiliza. Tulimtania: "Dada, ulizaliwa na masikio manne?" Naye alicheka, upesi, kidogo kabla yetu.

Nilikuja kujua mwaka huu. Aliomba ruhusa ya Jumatano saa nane mchana, msimamizi akamwambia akitaka kutoka atafute wa kumshikia, la sivyo asahau. Tuliporudi kwenye mashuka pembe zilimponyoka mara mbili. Hasira ikanipanda. Nikamwambia naandika barua leo leo.

"Kaka, usiandike kitu. Nishikie tu."

"Unakwenda wapi?"

"Kituo cha afya. Kuna mama anaongea na watu."

Mengine alinieleza wiki zilizofuata, kwa vipande. Tukikutana katikati anasema sentensi moja, tukirudi nyuma ananyamaza. Baba wa kambo. Tangu ana miaka sita mpaka kumi na sita. Geti la bati. Likifunguliwa, kufikia hatua yake ya tatu alikuwa keshajua kama ni jioni ya kula au ni jioni ya kujibana nyuma ya pipa la maji na wadogo zake wawili, mkono mmoja mdomoni kwa huyu, mwingine mdomoni kwa yule. Na mama yake alikuwepo. Hilo alilisema akiwa ameinama, anaokota mkunjo.

"Alikuwa anaongeza sauti ya redio," akasema.

Alikuwa ametafuta msaada kabla ya hapo, usidhani alikaa. Kiongozi wa ibada alimpa maneno ya kusamehe, akasamehe, na usiku ule akaamka mara nne kuhakikisha komeo. Daktari alimpa vidonge, akalala kama gogo, akaamka na mzigo ule ule kifuani. Kijana mmoja mwenye vyeti ukutani alimtaka aseme yote siku ya kwanza, tangu mwanzo. Alisema. Akatoka pale, na siku mbili hakuweza kuingia chumbani kwake mwenyewe.

"Huyu wa sasa hakuniuliza habari," aliniambia. "Alisema, hatuanzi na hadithi, tunaanza na miguu yako. Iko wapi? Nikamwambia iko sakafuni. Akasema basi, wiki hii kazi yetu ni hiyo. Nikadhani ananitania."

"Na sasa?"

"Sasa najua iko wapi."

Alimpa pia jina la kile kitu: kiwewe, lakini si kile cha ajali ya siku moja. Ni cha miaka, kilichopangwa kimoja juu ya kingine. Kisichokuacha ujue ulivyokuwa kabla, kwa kuwa hapakuwa na kabla. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, anatamani nini basi, kama hakuna pa kurudi.

Tulikunja shuka zima ndipo akajibu. "Natamani nisikie mtu anatembea, nisijue ni nani. Watu wengine si ndivyo mnavyoishi?"

Nikasema ndivyo. Niliona aibu, kana kwamba nimekula mbele ya mwenye njaa.

Saa zake za Jumatano tulizigawana. Mama Pasi, anayeendesha rola kubwa ya pasi na aliyebakiza miaka miwili astaafu, alishika upande wake mara nyingi kuliko wote. Na wiki ya tano, saa ya chakula, tulimkuta Kengele amelala juu ya marobota ya mashuka masafi. Mchana kweupe, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona amefumba macho. Tulisimama pale kama watu waliofika kumwona mtoto mchanga. Alipoamka alinitazama mimi.

"Nililala?"

"Dakika kumi hivi."

"Na hakuna aliyekuja?"

"Walikuja wawili, wakaenda."

"Walikuja wawili, wakaenda," akarudia polepole. Mchana ule wote nilimsikia akilisema chini chini, akiwa kwenye mashine. Tangu siku hiyo sijatamani kitu kingine kwa ukali ule: nimwone tena amelala hovyo, mdomo wazi.

Wiki ya saba akaniomba tubadilishane upande. Ilikuwa kazi aliyopewa na yule mama, shuka moja tu kwa siku. Alisimama na mgongo mlangoni, mabega yamepanda mpaka masikioni, jasho linamtoka, tukalikunja. Kesho yake mawili. Kufikia wiki ya tisa alikunja kumi mfululizo, akasimama, akatazama ukuta wa nyuma yangu.

"Kumbe hapa pana dirisha," akasema.

Wiki hiyo hiyo orodha ya madai ya glavu na barakoa ilikuwa inazunguka, nimeiandika mimi. Ilipofika kwa Mama Pasi, msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake. Ameingia na viatu vya mpira. Aliichukua mkononi mwake, akasoma majina yote kwa sauti, na asubuhi iliyofuata Mama Pasi alihamishiwa chumba cha mashuka machafu. Humo unachambua kwa mikono kile kilichotoka wodini, damu na vinginevyo, bila glavu. Kwa mgongo ule wake unaouma.

Tulikaa saa ya chakula. Mama Pasi alikula kwa kijiko, hakutaka vidole vyake viguse chakula.

"Simlaumu mtu," akasema. "Nauliza tu, Kengele alikuwa wapi?"

"Anatazama dirisha," akasema wa mashine ya kukaushia. "Kengele imeishiwa betri."

Watu wakacheka kidogo.

"Mama, nisamehe," akasema Kengele.

"Siyo habari ya kusameheana, mwanangu. Rudi tu pale pako."

Wakanigeukia. Mimi ndiye mwenye maneno, si ndiyo? Mimi ninayekumbuka kila dhuluma na tarehe yake. Kengele naye alinitazama, na macho yake yalikuwa na swali moja tu. Nikasema, "Wiki moja tu, dada. Mambo yapoe."

"Sawa," akasema.

Hiyo ilikuwa sawa ya mtu aliyefundishwa kwamba neno lingine linavunja vitu. Alirudi upande wake. Jumatano hiyo hakwenda kituoni, ya pili pia hakwenda, na hakuna aliyemuuliza. Chai ilirudi, simu zikarudi, kengele yetu inalia vizuri. Anacheka kabla yetu tena.

Jana nilikwenda kituoni mwenyewe. Yule mama ana chumba kimoja, viti saba na feni isiyozunguka.

"Siwezi kukuambia habari za mtu yeyote," akasema.

"Sitaki habari. Nataka kujua kama kiti chake kipo."

"Nitakuambia utaratibu wa kila mtu. Ukikosa mara tatu mfululizo, kiti kinakwenda kwa anayefuata. Wanaosubiri ni arobaini na mmoja."

"Nani kaweka utaratibu wa kikatili hivyo?"

"Waliotupa chumba kimoja na mshauri mmoja. Ukiwaona wasalimie."

Leo ni Jumatano ya tatu. Saa ya chakula nilisimama, nikawaambia jambo nililolificha wiki mbili. Siku ile msimamizi alipoingia, Kengele alikuwa ameupa mlango mgongo. Aliyeuelekea mlango nilikuwa mimi.

Mama Pasi akaweka kijiko chini. "Na ulikuwa unatazama nini?"

"Uso wake. Miaka tisa, ilikuwa mara ya kwanza ananitazama mimi, si mlango. Nikasahau."

"Gazeti kapenda," mtu akasema.

"Acheni utoto," akasema Mama Pasi. Kisha akaniambia mimi, taratibu, na ilikuwa mbaya kuliko kofi: "Ukamwacha abebe yeye."

"Nilimwacha. Na sisi wote tulimtaka aendelee kuugua ili tunywe chai kwa raha. Kengele, nenda. Gari la saa nane bado halijapita."

"Nani atatazama?" akauliza.

"Hakuna. Akiingia ameingia. Atukute na karatasi mkononi, tumwambie tunataka glavu."

"Na shuka je? Nani atashika?"

Hapo ndipo walipoanza kutazama sahani zao. Mama Pasi angeshika, lakini kule alikofungiwa, saa ya chakula ikiisha, haruhusiwi kutoka hata kwa haja mpaka saa tisa. Wa mashine ya kukaushia anasema mkono unamuuma tangu jana. Mwingine ana mtoto wa shule, hataki jina lake lisikike. Na Kengele amesimama mlangoni sasa, mkoba begani, kiatu kimoja nje, akitusubiri tumruhusu kwa sababu bado hajajifunza kwenda bila ruhusa. Wiki tisa za kujifunza miguu yake iko wapi, na miguu hiyo imegoma kwenye kizingiti.

Wewe uliyefika mpaka hapa, usiniambie umeguswa. Unapofanya kazi yuko mmoja kama yeye, anayejua hatua za bosi wako kabla yako, na wewe unamsifu kwa kuwa makini. Shuka lina pembe nne. Mimi nimeshika mbili, nyingine mbili ziko sakafuni. Inuka. Njoo uziokote sasa hivi, mbele yake, aone, aende.